Wiski ya Jumapili

Bangwe, Kigoma
Jumapili, jua halijazama

Mwanangu Devota,

Barua zote huanza kwa kuulizana hali, lakini mimi nikuulize nini? Hujambo, mchana huu nimekuona kwa macho yangu ukimmaliza samaki wetu mgebuka mpaka kichwa. Mimi pia sijambo, ukiacha mgongo, na mgongo wangu mnafahamiana. Sasa hivi uko Ujiji kwa Bi Mwajuma, umekwenda kumuaga, na kwa ninavyomjua hatakuachia utoke mpaka ule mara ya pili. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa barazani, ziwa limetulia, milima ya Kongo leo inaonekana mpaka mikunjo yake, na naandika kwa ile kalamu uliyopewa bure benki, ambayo inakwama kila mstari.

Kesho alfajiri unapanda basi la Mwanza. Sitakuandikia habari za kufunga mlango, wala za kuangalia mzigo kila basi linaposimama, wala za kutonunua mahindi ya kuchoma dirishani. Hayo nimekuambia wiki nzima, na kila moja ulilijibu “sawa mama” huku kidole kikipanda na kushuka kwenye simu. Kama yameingia, yameingia. Mimi leo nataka kukuandikia jambo moja tu, nalo ni kinywaji chetu.

Najua umeniomba mara nyingi. Siku ile uliporudi mbio na habari kwamba hoteli ya Mwanza imekuchukua kwa majaribio, ulinieleza yote kwa pumzi moja: kwamba wiki ya kwanza ikiisha, kila mfanyakazi mgeni wa kaunta atasimama mbele ya wakubwa achanganye kinywaji kimoja cha kwake mwenyewe, na hapo ndipo wataamua nani anabaki na nani anashukuriwa na kurudishwa kwao. Kisha ukasema, “Mama, mimi nitawachanganyia Jumapili.” Ndivyo tunavyokiita humu ndani, na hakuna mtu mwingine duniani anayekiita hivyo. Nilijisikia kichwa kikivimba kwa fahari.

Ukasema, “Niandikie vipimo.” Nikajitia hamnazo. Mara ya kwanza nilikuambia madanzi hayajakomaa. Mara ya pili nikasingizia umeme, eti barafu haipo. Mara ya tatu nikasema nimesahau. Mimi, nisahau! Ulinitazama kwa jicho la pembe, na nikajua unawaza kuwa mama yako amekuwa mchoyo.

Basi nisizunguke mbuyu. Nilitaka kinywaji kibaki Bangwe ili wewe ulazimike kukirudia. Nilijiambia, akiweza kukichanganya huko huko Mwanza, huku atafuata nini? Mgongo wangu? Tena kuna baya zaidi. Jumapili iliyopita kanisani nilikuombea ufaulu majaribio, niliomba kwa moyo kweli, na kabla sijasema amina nikachomekea nusu sala, kwamba wale wakubwa wa Mwanza wawe watu wasio na ulimi. Mungu mwenyewe anajua kasikiliza ipi. Nakuomba tu usicheke ukiwa ndani ya basi, watu watakushangaa.

Sasa nakuandikia. Ila vipimo peke yake havitakusaidia, kwa sababu mimi sikujifunza kwa vipimo. Nilijifunza kwa kuharibu. Nisikilize tu mpaka mwisho.

Unajua nilikotoka, Kalinzi kwenye migomba na kahawa. Bibi yako alikuwa akipika pombe ya ndizi, na watu walipanda mlima kuifuata. Alipofika mgeni kwake, hata awe nani, bibi yako alijaza kibuyu, akapiga funda moja yeye mwenyewe mbele ya macho ya mgeni, akafuta ukingo kwa kiganja, ndipo akampa kwa mikono miwili. Maana yake, kama humu kuna kitu kibaya, kimeanza na mimi. Ukimpa mtu pombe bila kuonja, anaiweka chini na kuondoka, na ugomvi huo utawakuta wajukuu. Sisi watoto hakuna aliyetufundisha. Tulijua tu, kama tulivyojua kumwamkia mtu mzima.

Nikashuka mjini kutafuta kazi, nikaipata kwenye hoteli moja ya juu ya ziwa. Aliyenipokea alikuwa Mzee Evarist, mkuu wa kaunta, mtu mwembamba aliyependa shati lake liwe limenyooshwa hata akiwa anaosha glasi. Kwa muda nilikuwa nafuta meza na kubeba kreti. Halafu ikafika siku aliyoniruhusu kupeleka vinywaji. Nilivaa aproni kana kwamba naenda kupokea komunyo ya kwanza.

Siku hiyo kulikuwa na mkubwa mmoja kutoka Dar, amekuja kukagua winchi ya bandarini, na amekaa na fundi wa bandari, kijana mwenye ovaroli iliyofuliwa na grisi iliyokataa kutoka kwenye kucha. Mkubwa akaagiza kinywaji ambacho sikuwahi kukiona: wiski, mvinyo mwekundu mtamu, na ile pombe nyekundu chungu ya Waitaliano, vikakorogwa na barafu, juu pakawekwa ganda la chungwa. Rangi yake ilikuwa nzuri mno, ile ya ziwa wakati jua linapoingia Kongo. Nikabeba sinia. Nikafika mezani. Nikainua glasi ya mkubwa, nikapiga funda moja la adabu, nikafuta ukingo kwa kiganja, nikapiga goti kidogo, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

“Dada! Umekunywa kinywaji changu?”

“Ndiyo, mzee,” nikajibu kwa furaha. “Karibu sana.”

Baraza nzima iligeuka kututazama. Kule kaunta nilimwona Mzee Evarist ameshika kichwa. Mkubwa amekunja ndita, amenyoosha glasi mbali na shati lake kana kwamba ina nyoka. Na yule fundi akaangua kicheko mpaka kiti kikapiga kelele.

“Mzee, usikasirike,” akamwambia. “Huku kwetu hiyo ndiyo heshima. Angekuletea bila kuonja, hapo ndipo ungeogopa.”

“Basi kunywa wewe hiyo heshima yenu.”

Fundi akaipokea, akanywa. Uso ulimkunjika wote. Nilidhani atatema. Akakaa kidogo, anatazama ziwa, anajilamba midomo, kisha akanywa tena.

“Ni chungu kama dawa,” akasema. “Lakini ukishameza, inarudi tamu.”

Huyo ndiye baba yako. Unajua alivyokuwa anapenda kusimulia kisa hiki, na unajua alivyokuwa anakitia chumvi, mpaka katika simulizi yake mkubwa alianguka na kiti. Hakuanguka. Nilikuwepo.

Asichokusimulia, kwa sababu hakukiona, ni kilichotokea nyuma ya kaunta. Mzee Evarist aliniita stoo. Nikajua leo naenda na maji.

“Yustina, siku ya kwanza tu unataka kumwaga unga?”

“Mzee, nyumbani tunaonja.”

“Najua. Hata mama yangu alikuwa anaonja. Lakini mgeni wa hapa hamjui mama yako wala mama yangu.” Akafungua droo, akatoa kijiko cha chai, akakichomeka kwenye mfuko wa aproni yangu. “Onja kwa hiki, kabla hujamimina. Yeye asione. Wewe utajua kwamba umeonja.”

Tangu siku ile hakuna glasi iliyotoka mkononi mwangu bila kuonjwa. Kijiko chenyewe ni kile kilichopinda shingo, ulichokuwa unakitumia kuchimbia udongo ukiwa mdogo nikakuchapa na hukujua kwa nini. Sasa unajua. Nimekifunga kwenye leso, kiko pembeni mwa begi lako dogo.

Baba yako akawa haishi kuja hotelini kila Jumapili, na kila Jumapili anaagiza kile kile kichungu, anakunja uso, anasema inarudi. Hatimaye akaacha kusingizia kinywaji. Tulipooana, shangazi yake mmoja alimuuliza mbele yangu, tena sahani yangu iko mkononi mwake, “Filbert, mke umemtoa baa?” Baba yako akamjibu, “Shangazi, aliyekuwa baa ni mimi. Yeye alikuwa kazini.” Ningeolewa naye upya kwa jibu hilo.

Lakini mimi sikuwa na kifua chake. Kwenye jumuiya ya kanisa waliponiuliza kazi yangu nikasema niko hotelini, upande wa usafi. Niliona aibu ya kaunta, na aibu ikanikalia miaka. Ikafika siku mama mmoja akaniletea mashuka yake ya harusi yana doa la mvinyo, nimwoneshe wanavyofanya watu wa hotelini. Ningesema nini? Nikayatia dawa kwa kujiamini kabisa. Yakatoka na ramani, kisiwa hapa, kisiwa pale. Mpaka leo yule mama akinisalimu hanitazami usoni. Huko Mwanza nako watakuuliza, mwanangu, na watakuuliza kwa sauti ile ile ya shangazi. Waambie nachanganya vinywaji, kisha endelea kula. Mimi ningefanya hivyo mapema ningeokoa mashuka.

Ulipozaliwa niliacha hoteli. Baba yako hakulalamika, ila Jumapili jioni alikuwa anakaa barazani hapa mkono umekaa kana kwamba una glasi. Ile chupa nyekundu ya Waitaliano Kigoma nzima dukani haipo. Nikasema uchungu ni uchungu tu. Nikachuma mwarobaini, nikachemsha, nikachanganya na wiski na sukari, nikamletea nikiwa nimesimama pembeni kwa fahari. Akanywa yote. Hakuacha hata tone. Akaweka glasi chini polepole akasema, “Mama Devota, malaria nimepona. Ila sikuwa nayo.”

Hapo ndipo Bi Mwajuma alipoingia katika hadithi. Nilikuwa nikimfuata Ujiji kununua achari, na uani kwake kuna ule mdanzi mkubwa unaozaa yale machungwa makali yasiyolika. Yeye anatumia maji yake kwenye achari, maganda anatupa. Nikamwomba maganda.

“Ya nini?” akauliza.

“Dawa.”

“Dawa ya nani?”

“Ya Baba Devota.”

“Maskini. Anaumwa nini?”

Nikashindwa kumdanganya mtu mzima aliyetoka kuswali. “Jumapili,” nikasema.

Alicheka mpaka akafunga kanga upya. “Chukua, mwanangu. Mimi natoa maganda. Yakifika Bangwe yana akili zake.” Na tangu hapo hajawahi kutuuliza, na hajawahi kukosa kutuwekea maganda. Kile kikombe kidogo cha kahawa ninachopimia ni chake pia. Kilikuja na sinia la Idi, kikasahaulika hapa. Nilipotaka kumrudishia akanionesha kiganja. “Hicho kaa nacho,” akasema. “Kimeshabadili dini.”

Sasa shika kalamu, au hiyo simu.

Danzi limenye rangi ya juu tu. Weupe wa ndani ukwangue wote, kwa sababu uchungu wake ni wa hasira, hauna ladha. Maganda yaloweke kwenye wiski ndani ya chupa ya mdomo mpana, utie karafuu moja, ufunge, uweke kabatini kwenye giza. Usiihesabie siku. Ifungue uinuse. Ikikupiga puani kana kwamba umemenya danzi sasa hivi, chuja. Huo ndio mchungu wetu. Wiski yenyewe isiwe ya kifahari, nzuri ya kawaida inatosha. Ya kifahari hainyenyekei, inataka kusikika yenyewe tu.

Mtamu wake ni mvinyo mwekundu mtamu wa Dodoma, uutie maua makavu ya choya kiasi cha kujaza kiganja chako, siyo cha baba yako, na uweke kwenye moto mdogo. Ukiona mvuke, epua. Ukiuacha utokote umepika juisi. Ukiwa bado wa moto tia asali ya msituni, ile nyeusi ya Kibondo yenye harufu ya moshi. Kidogo. Kwenye asali nitarudi.

Halafu chukua kikombe cha kahawa. Wiski safi ijae. Mchungu usijae. Mtamu usijae, tena usijae zaidi ya mchungu. Weka barafu ya kutosha, ukoroge. Usitikise. Najua chuoni wamewafundisha kutikisa na kurusha chupa hewani, na ni mchezo mzuri wa kutazama, lakini hiki hakitaki mchezo. Koroga mpaka glasi itoke jasho na vidole vyako vione baridi. Onja kwa kijiko. Mimina. Chukua kipande cha ganda, kikunje juu ya glasi mafuta yaruke, pitisha ganda ukingoni, litumbukize. Basi.

Na barafu, Devota, barafu nayo ni kinywaji. Hilo nililipata kwa fedheha. Zamani zile umeme ulikuwa wa jenereta na ulikuwa unakatika kama unavyotaka wenyewe. Baba yako akaalika wenzake wa bandarini waje waonje Jumapili ya mke wake. Sina barafu. Nikateremka Kibirizi kwa watu wa samaki, nikanunua bonge, nikaliosha kwa maji ya ndoo, nikalivunja, nikaridhika. Wageni wakanywa. Wakatazamana. Mmoja wao, mtu mpole sana, akasema, “Shemeji, wiski hii inaonekana imekulia ziwani.” Nilikuwa nimeonja kabla barafu haijaanza kuyeyuka; nikaonja tena, ikawa mgebuka mtupu. Nilikimbilia jikoni nikafunika uso kwa aproni, na nikiwa huko nikawasikia wanacheka, na baba yako anacheka kuwazidi wote, nikatoka nami nikacheka. Siku ile ndiyo niliyojua nimeolewa vizuri. Walirudi Jumapili iliyofuata wamebeba barafu yao.

Sasa asali. Hapa nitaandika polepole.

Baba yako alipotutoka, wewe ulikuwa chuoni, na mimi niliendelea kuchanganya Jumapili peke yangu. Nikaona hapana, uchungu nilio nao unatosha, sihitaji wa kununua. Nikapunguza danzi, nikaongeza asali. Jumapili iliyofuata nikaongeza tena. Mwisho maganda ya Bi Mwajuma yakawa yanakaukia dirishani, na mimi nakunywa asali yenye harufu ya wiski na kujiambia ndivyo alivyokuwa anapenda. Nilikuwa najidanganya, na sikuwa na mtu wa kuniambia.

Uliporudi umemaliza chuo, umekuwa mwanamke mzima, nikakupa glasi yako ya kwanza humu ndani. Nilikuonjea kwanza, nikakupa kwa mikono miwili, nikakaa nikusikilize. Ulinywa, ukanitazama.

“Mama, hii ni soda.”

“Ndivyo alivyokuwa anakunywa baba yako.”

“Hapana, mama. Baba alikuwa anakunja uso kwanza.”

Nilikuchukia kidogo, kwa dakika moja hivi, nisamehe. Wewe ukanyanyuka bila kuniomba ruhusa, ukachukua yale maganda dirishani, ukachukua wiski, ukaanza upya kwa kukisia tu. Siku kadhaa baadaye, mchungu ulipokuwa tayari, ukachanganya, ukachota kwa kijiko, ukaonja, ukanipa. Nilikunja uso. Kisha ikarudi. Nikalia hapo barazani na wewe ukalia, halafu ukasema puani kwangu kuna ganda la danzi, na kweli lilikuwepo.

Nilipokaa leo kuandika ndipo nilipoona upumbavu wangu. Nimekuficha vipimo, lakini vipimo hivyo ni wewe uliyenirudishia. Kama ningeachwa peke yangu, Jumapili ingekufa kwa asali na mimi ningekuwa nimeizika mwenyewe, nikisifu. Sasa namnyima nani? Ni sawa na kumfichia mtu ufunguo wa nyumba yake.

Kwa hiyo nenda nacho. Simama mbele ya hao wakubwa uwachanganyie. Ila, nakuomba, usipige funda kwenye glasi ya mkubwa yeyote. Si kila mkubwa amekaa na fundi wa winchi. Tumia kijiko. Wakikunja uso, usihangaike wala usianze kujieleza. Subiri tu, mpaka irudi. Watu wengine inawachukua muda. Na kama kuna ambaye haimrudii, basi haimrudii, utakusanya vitu vyako vizuri, utaaga kwa adabu, utapanda basi, na Jumapili utanikuta hapa hapa. Nilisema nusu sala ile, na leo naifuta. Nataka wakubakize. Naiandika ili nisije nikajifanya nimesahau: nataka ufaulu, hata kama maana yake ni kiti hiki cha pili kukaa bila mtu.

Na usinionee huruma ya kiti. Bi Mwajuma kashasema Jumapili atakuja na birika lake la kahawa. Yeye na yake, mimi na yangu, na nani mwenye uchungu zaidi tutabishana mpaka jioni. Wewe pia usinywe Jumapili peke yako chumbani. Nilifanya hivyo, umeona nilikofika. Tafuta mtu mmoja tu wa kukuambia ukweli ulimi wako ukipotea. Na ni glasi moja, kama hapa. Ya pili hairudi.

Mwanza nasikia nao wana ziwa. Kubwa, wanasema. Haya, tumekubali kubwa. Waulize kina chake, halafu uwaambie cha kwetu, halafu uwape kinywaji wapoe. Na wakikupa sato kula, usiseme kitu, wewe ni mgeni wao. Lakini moyoni ukumbuke mgebuka.

Naona bajaji imesimama kule chini. Ndiyo wewe. Umebeba mfuko umekuinamisha bega, bila shaka ni madanzi, mzee wa watu kaumaliza mti. Unacheka na dereva. Unatembea kama baba yako, mwana wanje, mwanangu wee, sijui kama nimewahi kukuambia.

Naikunja barua kabla hujafika. Utaikuta kwenye begi dogo, kando ya kijiko, imezungushwa kwenye chupa niliyoifunga kwa kitenge changu cha kijani. Ni Jumapili yenyewe, nimekuchanganyia tayari, haijawekwa barafu, haiharibiki njiani. Siyo ya majaribio. Ya majaribio uchanganye kwa mkono wako. Hiyo ni ya siku yako ya kwanza huko, ukishapata mtu wa kukaa naye.

Ukiifungua utaona haijafika shingoni. Usidhani imevuja, wala usimlaumu kondakta. Nilimimina kidogo kwenye kikombe cha Bi Mwajuma, nikafuta ukingo kwa kiganja.

Nimeshaonja, mwanangu. Kunywa.

Mama yako,
Yustina